Seli Mbichi

Mistari miwili ilikuwa imelaliana tena.

Mtafiti aliisogelea kompyuta, akaikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena, kana kwamba mistari ingeona haya ikaachana. Haikuachana. Wa bluu ulipanda, wa kijivu ukapanda nao bega kwa bega mpaka juu. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, ingawa miwani haikuwa na kosa.

"Imelala pamoja tena?" aliuliza mwenzake wa meza ya pili. Maabara nzima ilimwita Jirani, kwa sababu hakuwahi kuomba kitu bila kuanza na neno hilo.

"Imelala."

"Basi hiyo ni ndoa, dada. Wape baraka uachane nao."

"Jirani, leo niache."

"Nakuacha. Nilitaka tu kujua wiki ijayo hadubini nitaipata lini."

Wote wawili walijua kwamba Alhamisi kungekuwa na kikao, na kwamba Profesa alikwisha kusema neno lake: kama mpaka siku hiyo mistari ile haijaachana, kazi ya Mtafiti inafungwa. Saa zake za hadubini zinakwenda kwa Jirani, na yeye mwenyewe anahamia kwenye kazi ya Jirani, kumsaidia kuhesabu seli zinazokufa. Hakuna aliyemfukuza. Alikuwa anapoteza wazo tu, na wazo hilo ndilo lililokuwa limemweka kwenye kiti kile tangu alipoanza shahada yake ya juu.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Ndani ya kila seli mna kiini, na ndani ya kiini ndimo jeni zinamokaa. Kiini kimezungukwa na ukuta mwembamba wenye milango mingi midogo, na kila mlango umejengwa kwa protini za namna nyingi. Moja ya protini hizo za mlangoni, kwenye maabara ile, walikuwa wameipa jina la Bawabu. Kulikuwa na protini nyingine inayokaa nje ya kiini ikingoja kichocheo. Seli ikipata kichocheo, protini hiyo hupita mlangoni, huenda kuishika jeni moja pale mwanzo wake, na jeni huanza kusomwa. Hiyo waliiita Mwashaji.

Kwamba Mwashaji anawasha, kila mtu alijua. Mtafiti alidai kwamba Bawabu naye ana kazi zaidi ya kukaa mlangoni. Kichocheo kikishaoshwa, Mwashaji akatoka, jeni ikanyamaza, hapo Bawabu anaikamata jeni ile na kuibakiza ukingoni, karibu na mlango. Kwa hiyo Mwashaji akija mara ya pili haanzi kuitafuta katikati ya kiini. Anaikuta hapo hapo, na jeni inasomwa mapema. Seli, kwa maneno mengine, inakumbuka.

Njia ya kulipima wazo hilo ilikuwa kuchukua seli za aina mbili. Za kwanza ziliwahi kupewa kichocheo, zikaoshwa, zikaachwa zitulie. Waliziita zilizoonja. Za pili hazijawahi kukiona kichocheo maishani mwao. Hizo ziliitwa mbichi. Ukizipa zote kichocheo kwa pamoja, zilizoonja, mstari wa bluu, zinapaswa kuwahi, na mbichi, mstari wa kijivu, zije nyuma zikijikokota.

Mwaka wa kwanza zilifanya hivyo hasa. Picha ya mistari ile ya mwanzo, imeachana vizuri kama njia panda, bado ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza yake, pembe moja imejikunja. Tangu hapo haikutokea tena. Alibadilisha maji ya kuoshea. Alibadilisha sahani za kukuzia seli. Alibadilisha kabati la joto, akahama hata saa za kufanyia kazi kwa kudhani umeme wa mchana una matatizo. Kila alipompelekea Profesa jibu, Profesa alilitazama kwa adabu, akakuna kidevu, akasema neno moja: "Rudia." Ndiyo maana akiwa hayupo waliulizana kwa sauti ndogo, "Mzee Rudia amefika?"

Jioni hiyo ya Ijumaa, nyumbani, mumewe alikuwa sakafuni amefungua mgongo wa friji ya mteja. Ndiyo kazi yake, na sebule yao haikuwahi kukosa friji mbili tatu za watu.

"Watoto wako wa kwenye sahani wamekula?" aliuliza bila kugeuka.

"Wamekula."

"Na mama yao?"

"Sina njaa."

Alitoa kichwa nyuma ya friji. "Imelaliana tena."

"Usiniulize."

"Sijauliza, nimesema." Aliifuta mikono. "Mimi mashine ikinisumbua hivi, naizima, naiacha ipumue, naenda zangu. Kesho yake naikuta na adabu."

"Mashine yako haina kikao Alhamisi."

"Ina mwenyewe anayenipigia simu kila saa. Nani mwenye afadhali?"

Mtafiti alicheka kidogo kwa pua, akala vijiko vichache akiwa amesimama, akalala mapema akiwa amekunja ngumi chini ya mto.

Jumamosi asubuhi alirudi maabara. Alikuwa ameamua kurudia mara moja zaidi, na safari hii afanye kila kitu mwenyewe, tangu kufungua kabati la joto mpaka kuzima taa. Aliweka sahani ya seli mbichi chini ya hadubini. Kwa namna alivyozipaka rangi, ukuta wa kiini ulionekana kama duara jekundu, na jeni aliyokuwa akiifuatilia ilikuwa nukta ndogo ya kijani ndani ya duara. Jeni ikisomwa, nukta ingezungukwa na mwanga wa manjano. Aliunganisha mpira mwembamba wa kudondoshea kichocheo, akaiwasha kamera ipige picha yenyewe, akatoka kwenda kuosha vyombo.

Aliporudi, hapakuwa na mwanga wa manjano hata chembe.

Aliangalia picha zote. Giza, maduara mekundu, nukta za kijani, basi. Akaufuata mpira kwa kidole kutoka kwenye chupa mpaka kwenye sahani, na katikati ya njia akakutana na kibanio. Hakuwa amekifungua. Kichocheo kilikuwa bado chupani, kimejaa, kimetulia kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Asubuhi nzima kamera ilikuwa imepiga picha za seli zisizofanya kitu.

"Aaa!" Alipiga meza kwa kiganja, mpaka pipeti za kunyonyea dawa zikarukaruka kwenye kibao chake. "Hata hili? Hata kufungua kibanio?"

Aliketi, akapeleka mkono kwenye kitufe cha kufuta picha. Na kwa kuwa kufuta ni kazi ya uvivu, macho yake yalikuwa yakitembea tu juu ya kioo.

Nukta ya kwanza ilikuwa imegusa duara jekundu.

Akatazama seli ya pembeni. Nukta ilikuwa ukingoni. Ya tatu, ukingoni. Ya nne ilikuwa katikati, akashusha pumzi. Lakini ya tano, ya sita, na nyingi zilizofuata, zilikuwa zimejibanza ukutani, karibu na mlango, kimya, bila mwanga wowote.

Mkono wake ukaondoka kwenye kitufe wenyewe.

Hakuwahi kuiona sura hii, na sababu yake aliijua mara moja, ikamkera zaidi ya kibanio. Siku zote kamera na kichocheo vilianza pamoja. Kichocheo kikidondoka sahani hutikisika, picha za mwanzo hutoka na ukungu, na yeye, kwa kupenda kazi safi, alizikata na kuzitupa. Kabla ya kichocheo hakuwahi kupiga picha hata moja. Kwa nini apige? Seli mbichi kabla ya kichocheo hazina la kusema.

Sasa zilikuwa mbele yake, zimekaa ukingoni. Kwa wazo lake mwenyewe, mbichi hazikai hivyo, zilizoonja ndizo hukaa hivyo.

Jumatatu alimngojea mtunza seli mlangoni kwake. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye chumba chake chenye kabati za joto na tangi kubwa la naitrojeni lililotoa moshi wa baridi kila lilipofunuliwa. Yeye ndiye aliyezilisha seli za wote, akazigawa zikijaa, akazigandisha ziwe akiba. Walimwita Mama Malezi, na jina hilo alilipenda.

"Mwanangu, mbona umesimama kama askari? Ingia."

"Mama, nina swali. Sitaki ulichukue vibaya."

"Nitalichukua linavyokuja."

"Seli mbichi unazonipa, asili yake ni ipi?"

Mama Malezi alivaa glavu zake nene taratibu. "Za tangini. Si tunatoa tangini?"

"Na tangini ziliingia kutoka wapi?"

"Zile za kwanza kabisa zilikuja na Profesa. Zikaisha, si unakumbuka? Mwaka ule tulipokuwa tunazitumia kama maji. Basi nikajaza tena."

"Kwa zipi?"

"Kwa zilizobaki kwenye sahani zenu." Alimtazama kama mtu anayeulizwa jina la mwanawe. "Seli nzima haitupwi, ndiyo sheria ya Profesa hapa ndani tangu sijazeeka. Zilizobaki naziosha, nazipumzisha, zikitulia nazigandisha."

"Zilizobaki za kwangu? Zilizokwisha kupewa kichocheo?"

"Za kwako, za Jirani, za kila mtu. Lakini nimeziosha vizuri, mwanangu. Naosha mimi, si mtoto. Na sikuzigandisha kwa kubahatisha. Nilikuletea uzitazame kwanza. Umesahau? Ulikaa pale kwenye hadubini yako, ukatazama, ukaniambia, jeni iko kimya, Mama, hizi ni sawa na mbichi. Ndipo nikaandika mbichi."

Mtafiti alilikumbuka. Alikumbuka hata kwamba siku hiyo alikuwa na haraka na hakuketi.

Alitaka kukasirika, na alitafuta wa kumkasirikia. Mama Malezi alifuata sheria, tena aliuliza. Profesa aliweka sheria wakati ambapo hakuna mtu duniani mwa maabara ile aliyefikiri seli inaweza kukumbuka. Aliyelifikiri hilo alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyetazama seli zilizonyamaza akasema kwamba hazijui kitu. Mchana kutwa alihubiri kwamba kunyamaza si kusahau, halafu jioni akaweka sahihi kinyume chake.

"Nimekosea, mwanangu?" aliuliza Mama Malezi.

"Hapana, Mama." Mtafiti aliegemea kabati la joto. "Umeziosha vizuri mno. Ni kwamba zinakumbuka."

"Hata baada ya kugandishwa?"

"Inaonekana hata baada ya kugandishwa."

Mama Malezi alilitazama tangi lake kwa muda. "Wajanja hawa," akasema.

Lakini kuona nukta ukingoni ni kuona tu. Mzee Rudia asingekubali macho peke yake. Ilibaki Jumatatu mpaka Alhamisi. Mtafiti alikuwa na dawa moja kwenye friji, inayoizuia seli kumtengeneza Bawabu. Alifikiri hivi: kama seli hizi ni mbichi kweli, kumwondoa Bawabu hakutabadili kitu, kwa sababu hana anachokishikilia. Kama zinakumbuka, basi bila Bawabu zitasahau, na mstari wa kijivu utarudi nyuma.

Akazipa dawa, akangoja siku zipite. Alikuwa mkali kwa kila mtu. Jirani alipokuja na "Jirani, samahani, una pipeti ya ziada," alimpa bila kumwangalia. Mumewe alimpigia simu mara mbili, yeye akakata mara mbili, mara ya tatu akapokea na kusema tu, "Nipo hai." Jumatano alikagua kibanio mara nyingi kuliko heshima inavyoruhusu, akakifungua, akaiacha kamera ikianza mapema, kabla ya kichocheo, kama ilivyopaswa kuanza siku zote.

Nukta zilikuwa zimeachia ukuta. Zilielea katikati. Kichocheo kikaja, na mstari wa kijivu ukajikokota nyuma kabisa, mzito, mvivu, mzuri.

Alhamisi waliketi kwenye chumba cha vikao chenye viti visivyolingana. Profesa alisikiliza yote mpaka mwisho: tangi, sheria, kuosha, picha za kibanio kilichofungwa. Mtafiti alipomaliza, Profesa alikuna kidevu.

"Kwa hiyo unataka niamini kwamba majaribio yote yaliyoshindwa hayakushindwa. Kwamba mistari ililaliana kwa sababu seli za aina zote mbili zilikuwa zimeonja."

"Ndiyo, Profesa."

"Na ushahidi ni kwamba ulimwondoa Bawabu, zikachelewa."

"Ndiyo."

"Binti yangu, Bawabu ni sehemu ya mlango. Ukibomoa mlango, wageni watachelewa kuingia. Hilo si kumbukumbu. Hilo ni kubomoa mlango."

Jirani alitazama chini. Mama Malezi, aliyekuwa ameitwa kwa ajili ya habari ya tangi, alimtazama Mtafiti.

"Nililifikiria," alisema Mtafiti, kwa hasira ya siku nyingi, si ya Profesa peke yake. "Kwa hiyo nilimpaka rangi Mwashaji pia. Tazama hapa. Bila Bawabu, Mwashaji aliingia kwa wakati ule ule. Mlango haukubomoka. Wageni waliingia wote, Profesa, wakajaa ndani. Hawakuikuta jeni pale walipoizoea. Ndipo wakaanza kuitafuta."

Profesa alivuta karatasi yenye picha karibu, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Ile sheria niliiweka mimi," alisema mwishowe, kama anayejisemea. "Kwa kubana matumizi."

Hapo Jirani, aliyekuwa tayari na tabasamu la mtu anayeona jirani yake ameponea chupuchupu, alikunja uso ghafla.

"Subirini kwanza. Na mimi si natumia mbichi hizo hizo?"

Aligeuka kwenye kiti.

"Mama Malezi. Mbichi zangu zinatoka tangi lingine, eti?"

"Tangi ni hilo hilo moja, mwanangu."

"Ala!" Jirani akajishika kichwa. "Kwa hiyo na mimi..."

"Karibu," alisema Mtafiti, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka, kicheko kibaya kidogo ambacho hakukitaka wala hakukizuia.

Profesa aliinua mkono. Alisema kazi haifungwi. Mtafiti alishusha pumzi, lakini Profesa hakuwa amemaliza. Hakuna hata picha moja ya nyuma inayoweza kutumika, alisema, kwa sababu hakuna anayejua ni sahani ipi ilikuwa na nini. Ya mwaka wa kwanza peke yake haitoshi. Atamwandikia mwenzake wa nchi nyingine aliyempa seli zile za kwanza, amwombe nyingine. Zitafika zitakapofika, maana seli hupita mikono mingi na vibali vingi. Zikifika zitakuzwa, zitapimwa, na safari hii zitatazamwa zilipokaa, si kama ziko kimya tu. Mpaka hapo hadubini ipumzike.

"Halafu?" aliuliza Mtafiti, ingawa alijua.

Profesa alikuna kidevu. Akaona wote wanamtazama mdomo, na masikio yake yakawa mekundu kidogo. Huenda siku zote alijua wanavyomwita.

"Halafu, rudia," alisema taratibu.

Mchana ule Mama Malezi alilifunua tangi. Moshi mweupe ulimwagika ukashuka sakafuni. Alitoa vichupa kibao baada ya kibao, kila kimoja na neno mbichi kwa mwandiko wake wa duara, na Mtafiti akavipokea na kuvipanga kwenye ndoo ya kutupia. Kila kichupa kilikuwa na seli nzima, zilizooshwa, zilizopumzishwa.

"Si mbovu hizi," alisema Mama Malezi. "Ungekuwa ubovu ningetupa bila kinyongo."

"Najua, Mama."

"Nimezilea."

"Najua."

Ndoo ilijaa, wakaleta nyingine. Baadaye Mtafiti alirudi mezani kwake. Picha ya mwaka wa kwanza ilikuwa bado ukutani. Alinyoosha pembe iliyojikunja, ikajikunja tena. Saa zake za hadubini za siku ile zilikuwa hazijaisha, na sahani moja ilikuwa bado ndani ya kabati la joto, haijapewa dawa wala kichocheo. Aliiweka chini ya lenzi. Aliangalia kibanio. Kilikuwa kimefungwa, akakiacha hivyo hivyo.

Maduara mekundu yakatokea, na ndani yake nukta za kijani, karibu zote ukingoni, mlangoni, zimekaa tayari. Zilikuwa zinangoja kitu ambacho leo hakuna aliyekuwa na mpango wa kuzipa. Alizitazama mpaka Jirani alipokuja kusimama nyuma yake, mikono mfukoni, bila kuomba chochote.

"Kisogeze kiti," Mtafiti alimwambia. "Utaziona vizuri zaidi."